Zinki, chuma na madini joto wodini: barua ya wazi kwa Wizara ya Afya Zanzibar kutoka Pemba

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Katibu Mkuu, Wakurugenzi wa Kinga na Tiba, Kitengo cha Lishe, na wote wanaopanga mahitaji ya Bohari Kuu ya Dawa.

Assalaamu alaykum.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto hapa Pemba. Nina ombi moja. Yale madini ambayo mwili unayahitaji kwa uchache mno, miligramu chache kwa siku na mengine hata sehemu ndogo ya miligramu moja, yaandikwe kwenye faili la kila mgonjwa aliyelazwa ambaye hawezi kula chakula chake cha kawaida. Nakusudia zinki, chuma, shaba, seleni na madini joto. Yaandikwe kama inavyoandikwa antibiotiki: jina, kipimo, siku ya kuanza, siku ya kumaliza, na saini ya aliyetoa. Sasa mambo hayako hivyo. Mgonjwa mmoja hupewa na wa kitanda cha jirani hapewi, na mara nyingine anayepewa hupewa dawa iliyo sahihi katika siku isiyo sahihi.

Najua mezani kwenu kuna maombi ya mashine, majengo na madaktari bingwa, na yote yana haki yake. Ombi langu ni la vidonge, pakiti za mchanganyiko wa madini, na karatasi. Naleta kwenu nikiamini kwamba Pemba ina haki ya kulileta kuliko pahala pengine popote, kwa sababu sehemu kubwa ya elimu ambayo dunia inaitumia leo kuhusu chuma na zinki kwa watoto wadogo ilipatikana hapa kisiwani, na walioitoa ni watoto wetu.

Wengi wenu mnaikumbuka kazi ile. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani kilishirikiana na Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri iliyopo Wawi, Chake Chake, kutafuta jibu la swali lililoonekana jepesi: mtoto wa kisiwa chenye malaria akipewa chuma na zinki kila siku, atanusurika zaidi? Kwenye sehemu ya chuma waliingizwa watoto 24,076, wa umri wa mwezi 1 hadi miezi 35. Waligawiwa kwa bahati nasibu: wengine chuma na asidi ya foliki, wengine chuma, asidi ya foliki na zinki, wengine vidonge visivyo na dawa ndani yake. Wakati ule karibu kila mtaalamu aliamini kwamba chuma kwa mtoto aliyepungukiwa na damu ni kheri tupu.

Agosti 2003 kamati ya usalama ya utafiti iliamua makundi yote mawili ya chuma yasimamishwe. Watoto waliokuwa wakipewa chuma walionekana kuwa katika hatari kubwa zaidi, kwa asilimia 12, ya kufariki au kulazwa hospitali, wakilinganishwa na wale wasiopewa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006 katika jarida la Lancet, na baada ya hapo Shirika la Afya Duniani likabadilisha maelekezo yake: katika nchi zenye malaria, chuma kwa watoto wadogo kiende pamoja na kinga na tiba ya malaria, kisigawiwe peke yake.

Kuna sehemu ya pili ya habari hii ambayo husemwa mara chache, nami naiona ndiyo yenye uzito kwa sisi tulio wodini. Ndani ya utafiti ule lilikuwapo kundi dogo la watoto waliopimwa damu tangu mwanzo na waliofuatiliwa kwa karibu zaidi kuhusu malaria. Humo, mtoto ambaye kweli alikuwa amepungukiwa na chuma alinufaika kwa kupewa chuma. Kwa hiyo Pemba haikusema chuma ni kibaya. Pemba ilisema: umjue unayempa, na ujue unampa akiwa katika hali gani.

Sehemu ya zinki iliendelea hadi mwisho, ikiwa na watoto 42,546. Vifo vilipungua kwa asilimia 7 tu, tofauti ambayo ingeweza kuwa ya bahati. Wapo waliosoma namba hiyo wakahitimisha kwamba zinki haina maana. Hapana. Zinki ya kila siku kwa watoto wote wa kijiji ni jambo moja, na zinki kwa mtoto anayeharisha ni jambo jengine kabisa, na hilo la pili ushahidi wake ni mkubwa.

Watoto wale sasa ni watu wazima. Baadhi yao ni mama na baba wanaotuletea watoto wao wenyewe wodini. Wazee wao walikubali vijana wa utafiti waingie majumbani mwao, shehia kwa shehia, ili watu wajue. Naliita hilo deni, na naona halijalipwa, kwa sababu kile kilichojulikana hapa hakijakaa vizuri katika kazi zetu za kila siku.

Nitaanza na chuma. Mtoto anaingia na utapiamlo mkali, miguu imevimba, ngozi inabanduka, viganja vyeupe. Kila anayemtazama anaona hana damu, na kila mtu, pamoja na wafanyakazi wenzangu, anatamani kumpa dawa ya damu hapo hapo. Maelekezo ya Shirika la Afya Duniani yanakataza. Mtoto huyu ana upungufu wa protini ya kubebea chuma ndani ya damu. Chuma unachomwongezea hakipati wa kukibeba, kinabaki huru, na vijidudu vya maradhi navyo vinakihitaji chuma ili vizaliane. Ndiyo maana F-75, yale maziwa maalumu ya kutibu utapiamlo siku za mwanzo, hayana chuma. Unasubiri homa iondoke, uvimbe uanze kushuka, hamu ya kula irudi na uzito uanze kupanda, mara nyingi ni wiki ya pili. Hapo, kama anatumia F-100, yaani maziwa ya hatua ya pili, anaanza chuma cha miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kama anakula chakula dawa cha pakiti, chuma kimo ndani yake na haongezewi. Zinki na shaba ni kinyume chake, anatakiwa azipate tangu siku ya kwanza.

Mnaona basi ugumu uko wapi. Madini matatu, kwa mtoto mmoja, yana kalenda mbili tofauti. Muuguzi wa zamu ya usiku mwenye vitanda vingi hawezi kuishika kalenda hiyo kichwani. Bibi mmoja aliyekuwa akimuuguza mjukuu wake aliwahi kuniuliza, "Mwanangu, mtoto huyu hana damu, mtazame viganja vyake. Mbona hamumpi dawa ya damu?" Nikamwambia, "Bibi, tutampa, lakini homa imtoke kwanza na atake kula mwenyewe." Akafikiri, kisha akasema, "Basi niandikie siku yake, nisije nikaondoka bila ya kupewa." Nikatafuta pahala pa kuiandika. Karatasi tuliyokuwa tukiitumia haikuwa na nafasi hiyo, nikaandika pembeni kwa kalamu. Bibi yule alikuwa ameshaufahamu utaratibu kuliko karatasi yetu.

Nimepokea pia watoto waliohamishiwa kwetu wakiwa tayari wameanzishiwa sirapu ya chuma siku ile ile ya kwanza, homa ikiwa juu na malaria haijapimwa. Aliyewaanzishia hakuwa na nia mbaya. Alifuata mazoea, na hakukuwa na kitu mbele yake cha kumzuia.

Malaria yenyewe, alhamdulillahi, imepungua sana visiwani tangu dawa mseto zilipoanza mwaka 2003 na vyandarua na upulizaji dawa majumbani vikafuata. Lakini haijaondoka, na wagonjwa wanaolazwa ndio walio dhaifu zaidi. Na upungufu wa damu haujapungua kwa kasi ile ile. Safura ilishachunguzwa hapa Pemba kwa watoto wa skuli tangu miaka ya 1990, na ilionekana wazi kwamba minyoo ile inayonyonya damu utumboni inamwondolea mtoto chuma kila siku. Kumpa chuma bila ya kumpa dawa ya minyoo kwa umri unaoruhusu ni kutia maji kwenye mtungi uliotoboka. Hili nalo liwemo kwenye karatasi ile ile.

Zinki sasa. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa tamko kwamba kila mtoto anayeharisha apewe ORS, ile dawa ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, pamoja na zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, na miligramu 10 kwa aliye chini ya miezi sita. Sababu si ngumu kuieleza. Utumbo hujijenga upya kila siku chache na chembe zinazogawanyika kwa kasi hivyo zinataka zinki. Mtoto akiharisha anaipoteza zinki kwenye choo, akiipoteza utumbo unashindwa kujitengeneza, na utumbo usiojitengeneza unaendelea kuharisha. Zinki inaukata mzunguko huo, na kwa muda fulani baada ya hapo humkinga mtoto asiharishe tena.

Tunalijua hili, na sera inalisema. Lakini fuatilieni kidonge kinaishia wapi. Mama anaondoka na pakiti mbili za ORS na vidonge ambavyo mara nyengine havifiki kumi. Siku ya tatu kuharisha kumekatika, anaona mtoto kapona, vidonge vinakaa kwenye kopo la dawa. Mwengine mtoto alitapika kidonge cha kwanza, akaogopa kumpa cha pili. Siwalaumu akina mama hawa hata kidogo, maana hakuna aliyekaa nao akawaambia kwamba zile siku za mwisho ndizo zinazomjenga mtoto. Na hilo la kutapika lina jibu la kitaalamu. Utafiti wa watoto 4,500 uliofanywa India na hapa Tanzania, uliochapishwa 2020, ulilinganisha miligramu 20, 10 na 5. Vipimo vidogo havikuwa duni kwa kiasi cha kutisha katika kutibu kuharisha, na watoto walitapika kidogo zaidi. Naomba wataalamu wenu walikalie jambo hili waone kama mwongozo wetu unahitaji kubadilika. Kidonge kidogo kinachokaa tumboni naona kina faida kuliko kikubwa kinachotemwa.

Kuna hatari nyengine wodini inayotokana na maziwa. Kwenye kituo kimoja nilichowahi kufanya kazi, pakiti za F-75 ziliisha, tukaelekezwa tutengeneze wenyewe kwa maziwa, sukari na mafuta. Mapishi hayo yapo kwenye vitabu na yanaokoa maisha, kwa sharti kwamba yatiwe mchanganyiko wa madini na vitamini. Mchanganyiko huo haukuwapo. Mtoto anayelishwa maziwa matupu kwa wiki kadhaa anaongezeka uzito, kila mtu anafurahi, kumbe maziwa yana shaba kidogo sana. Hili lilielezwa tangu 1964 kule Peru, kwa watoto waliokuwa wakitoka kwenye utapiamlo kwa kulishwa maziwa: damu ilipungua na haikupanda kwa chuma, chembe nyeupe za damu zikashuka, mifupa ikadhoofika. Waliponyweshwa shaba wakapona. Tangu 1964. Kwa hiyo pale Bohari inapoona F-75 inakaribia kuisha, mchanganyiko wa madini uwe umeshafika vituoni kabla ya pakiti ya mwisho kufunguliwa.

Hadi hapa nimezungumzia watoto, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Lakini ndugu zetu hulazwa pia kwenye wodi za upasuaji, na huko naona kimya ni kikubwa zaidi.

Chukueni mtu mzima aliyepasuliwa tumbo, utumbo ukapata tundu linalovuja nje kupitia kwenye kidonda. Hali kitu kwa mdomo, yuko kwenye dripu. Lita moja ya dripu ya sukari ya asilimia 5 haina hata kalori 200, na zinki haina kabisa. Watafiti wa Toronto walipima mwaka 1979 wakakuta kila lita ya maji yanayotoka kwenye utumbo mwembamba inaondoka na takriban miligramu 12 za zinki. Mtu mzima mwenye afya anahitaji kiasi kama cha miligramu 10 kwa siku kwenye chakula, na mwili wake haufyonzi zote. Mgonjwa wetu anavuja siku nenda siku rudi na hakuna kinachorudi. Kisha tunamshangaa kidonda hakifungi. Tunabadilisha antibiotiki, tunabadilisha bandeji, ndugu wanaanza kusema labda kuna mkono wa mtu.

Haya hayakujulikana kwa kukisia. Miaka ya 1970, madaktari walipoanza kulisha wagonjwa kwa mishipa peke yake kwa wiki na miezi, wagonjwa walinenepa kisha wakaanza kuota vipele vilivyochimbika kuzunguka mdomo, pua na njia ya haja, nywele zikadondoka, wakaharisha, wakawa wazito wa moyo. Walipotiwa zinki wakarudi katika hali yao ndani ya siku chache. Ikaonekana pia shaba, kwa wagonjwa walioishiwa damu. Mwaka 1977 Toronto, ikaonekana kromiamu, kwa mama ambaye sukari yake ilipanda na mishipa ya fahamu ikaharibika. Mwaka 1979 New Zealand, ikaonekana seleni, kwa mgonjwa aliyeshikwa na maumivu makali ya misuli. Kila madini yaliingia kwenye chupa baada ya mgonjwa fulani kuugua kwa kuyakosa, na mwaka huo huo wa 1979 Chama cha Madaktari cha Marekani kikatoa mwongozo wa vipimo vyake. Sisi hatuna haja ya kungojea mgonjwa mwengine atufundishe.

Wanaoungua nao wasisahauliwe. Watoto wanaomwagikiwa na maji ya moto au uji ni wageni wa kila mara katika hospitali zetu. Ngozi iliyoungua inatoa majimaji, na majimaji yale yanabeba shaba, zinki na seleni kwa wingi. Madaktari wa Lausanne, Uswisi, waliyarudisha madini hayo kwa njia ya mshipa kwa kundi dogo la watu wazima walioungua vibaya, na maambukizo ya mapafu yakapungua. Huenda hatutaweza kufanya vile vile kesho. Lakini mgonjwa wa moto anayeweza kumeza hana sababu ya kukosa zinki ya mdomo na sahani yenye samaki.

Hapa lazima niseme na upande wa pili, kwa sababu sitaki barua hii isomwe kama amri ya kuwamiminia watu madini. Zinki nyingi kwa muda mrefu inaizuia shaba isifyonzwe utumboni, na mgonjwa anaishia na upungufu wa damu usiosikia chuma, pamoja na ganzi miguuni. Manganizi na shaba hutoka mwilini kwa njia ya nyongo. Mgonjwa wa manjano ambaye mirija yake ya nyongo imeziba, ukimpa manganizi kwa mshipa kama unavyompa mwengine, inajikusanya kwenye ubongo na kumletea mtetemeko. Ndiyo maana sisitizo langu ni karatasi, kipimo na tarehe. Siku ya kumaliza ina uzito ule ule wa siku ya kuanza.

Mtu atasema, basi tununue mashine ya kupimia madini kila hospitali. Mimi siungi mkono. Zinki ya damu ni kipimo kinachodanganya. Mgonjwa akiwa na maambukizo, ini linaivuta zinki kutoka kwenye damu, na namba inashuka hata kama mwilini imo. Chuma ni hivyo hivyo, feritini, yaani kipimo cha akiba ya chuma mwilini, hupanda kwa homa ikamfanya aliyepungukiwa aonekane ametosheka. Kipimo kisichosomwa pamoja na kipimo cha uvimbe wa ndani, ile CRP, hakisaidii kitu. Hata chupa ya kuchukulia damu, ikiwa na kizibo cha mpira wa kawaida, inaweza kutia zinki kwenye sampuli. Naomba kiwepo kituo kimoja tu chenye uwezo huo kwa visiwa vyote viwili. Wawi kuna watu na kuna historia, na Unguja kuna Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Sampuli za wagonjwa wachache wenye maswali magumu zipelekwe huko. Wengine wote watibiwe kwa kanuni, kwa kuangalia wanapoteza nini na hawali nini. Kumwangalia mtu vizuri ni kipimo pia, na tayari tunacho.

Na chakula cha wodini. Ndugu ndio wanaoleta vyakula, na mgonjwa akizidiwa huletewa vyakula vyeupe: wali mtupu, uji wa unga mtupu, chai na mkate. Kwa mapenzi kabisa. Lakini zinki na chuma ziko kwenye dagaa, ng'onda, pweza, na zaidi ya vyote kwenye chaza, ambao wanawake wetu wanaokota pwani maji yakitoka na wengi wao huishia kuwauza badala ya kuwala. Kunde na choroko zikilowekwa usiku kucha au zikiachwa ziote, ile asidi inayoyashika madini yasifyonzwe inapungua. Embe au ndimu pembeni ya chakula inasaidia chuma kuingia, na chai ya rangi ikinywewa pamoja na chakula inakizuia. Mambo haya yanaweza kuelezwa kwa dakika chache wakati wa kutembelea wagonjwa, na akina mama wanayapokea vizuri sana yakisemwa kwa heshima. Tunahitaji ofisa lishe ambaye kazi yake ni wodini, anayeonana na ndugu wa mgonjwa.

Nimeyaacha madini joto hadi hapa, kwa kuwa dawa yake haiko wodini ingawa madhara yake tunayapokea sisi. Watu wengi wanaamini kwamba anayekula samaki na kuishi pwani hawezi kukosa madini joto. Uchunguzi wa mwaka 2001 kwa watoto wa skuli wa visiwa vyetu ulionyesha vingine. Kiwango cha kati cha madini joto kwenye mkojo kilikuwa mikrogramu 185.7 kwa lita Unguja, na 53.4 tu Pemba, ilhali kinachotakiwa ni 100 na kuendelea. Watoto wenye rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo, walikuwa asilimia 21.3 Unguja na asilimia 32 Pemba. Na chumvi yenye madini joto ilikutwa kwenye asilimia 63.5 ya nyumba za Unguja, na asilimia 1 ya nyumba za Pemba.

Asilimia moja. Sababu tunaijua sote: Pemba tuna mashamba yetu ya chumvi, tunaivuna wenyewe, ni nzuri, ni rahisi, na chumvi ya bahari ikishakauka haibakiwi na madini joto ya kutosha. Tunakula pia muhogo kwa wingi, na muhogo usioandaliwa vizuri unatoa kitu kinachoizuia tezi ya shingo isiyachukue madini joto machache yaliyopo. Mwanamke mjamzito anahitaji mikrogramu 250 kwa siku. Akizikosa, ubongo wa mtoto aliye tumboni ndio unaolipa, na hakuna dawa ya baadaye inayourudisha. Miaka mingi imepita tangu uchunguzi ule na najua kazi imefanyika. Naomba Wizara itutangazie hali ya sasa ya Pemba peke yake, isichanganywe na ya Unguja, kwa sababu ukizichanganya namba zile za 2001 unapata wastani wa visiwa unaopendeza na Pemba inapotea ndani yake.

Wavunaji wa chumvi wasiadhibiwe. Wapewe madini joto yenyewe, yaani iodeti ya potasiamu, wapewe pampu ya kunyunyizia na mafunzo, na Serikali ibebe gharama hadi soko lizoee. Masheha na walimu wa skuli wapewe zile chupa ndogo za matone ya kupimia, ambazo zikidondoshwa kwenye chumvi yenye madini joto inageuka rangi ya buluu iliyoiva. Mtoto wa darasa la tano anaweza kuipima chumvi ya nyumbani kwao.

Kwa hiyo, waheshimiwa, kabla bajeti ijayo haijasomwa kwenye Baraza la Wawakilishi, Chukwani, naomba mambo haya yapate mstari wake. Karatasi moja ya lishe ya mgonjwa aliyelazwa, itumike kuanzia Abdalla Mzee, Chake Chake, Wete na Micheweni hadi Mnazi Mmoja, yenye sehemu ya zinki, chuma, shaba na seleni pamoja na tarehe zake. ORS na zinki zifungwe pamoja katika mfuko mmoja wenye vidonge vya siku zote kumi, usiotolewa nusu. Mchanganyiko wa madini kwa ajili ya maziwa ya wodini uingizwe kwenye orodha ya vitu ambavyo Bohari hairuhusiwi kuviacha viishe. Na kwa hospitali zinazolisha wagonjwa kwa mishipa, ampuli za madini ziagizwe pamoja na chupa za chakula hicho, kwa sababu chupa bila ya ampuli haijakamilika.

Zaidi ya hayo, katika kila hospitali ateuliwe mtu mmoja, jina lake lijulikane wodini, ambaye zinki ikiisha yeye ndiye tutakayemuuliza, na ambaye atatakiwa kuwajibu ninyi kwa maandishi kila mwezi.

Wenu katika kazi,
Muuguzi wa wodi ya watoto, Pemba